Hifadhi ipi ya kidijitali kwa kazi ipi: ulinganisho wa nyaraka za kale na utafiti wa kitaaluma

Anayeuliza "hifadhi ipi ya kidijitali ni bora?" bado hajalikamilisha swali lake. Bora kwa kazi gani? Kusoma kitabu kizima cha mwaka 1890 ukiwa na simu tu ni kazi moja. Kujua neno fulani limetajwa katika ukurasa upi kati ya mamilioni ya vitabu ni kazi nyingine kabisa. Kupata makala iliyohakikiwa na wataalamu, yenye namba za kurasa unazoweza kuzitaja kwenye tasnifu, ni kazi ya tatu. Hifadhi inayoongoza katika moja huweza kuburura mkia katika nyingine, na ukubwa wake haukusaidii kitu kama umeingia pasipo pako.

Kwanza tutenganishe vitu vinne ambavyo tovuti hizi huvimwaga pamoja katika ukurasa mmoja wa matokeo. Kuna picha ya waraka, yaani skani. Kuna maandishi ambayo kompyuta imeyatoa kwenye picha hiyo, yanayojulikana kama OCR. Kuna maelezo ya waraka: jina, mwandishi, mwaka, mahali. Na kuna utafiti ulioandikwa kuhusu waraka. Hifadhi chache zina vyote vinne. Nyingine zina maelezo peke yake pamoja na kiungo cha kukupeleka kwingine. Kila unapofungua tokeo, jiulize uliloliona ni lipi kati ya hayo manne. Mtu anayedhani ametafuta ndani ya kitabu kumbe ametafuta ndani ya jina la kitabu ataondoka akiamini kwamba kitu hakipo, na huenda kilikuwa ukurasa wa pili.

Vitabu vya zamani: Internet Archive na HathiTrust

Hizi mbili hulinganishwa sana, ingawa zinafanana kwa juu juu tu. Internet Archive ilianzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, na mlango wake uko wazi: maktaba zinapakia, taasisi zinapakia, na mtu yeyote mwenye akaunti anapakia. HathiTrust ilianza mwaka 2008 kama muungano wa maktaba za vyuo vikuu, mitambo yake ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Michigan, na mpita njia hawezi kuongeza kitu. Karibu kila tofauti nyingine kati yao inazaliwa hapo.

Kwa kupakua, Internet Archive inashinda bila ubishi. Kitabu kisicho na hakimiliki unakipata kizima kwa PDF, kwa EPUB, kwa maandishi matupu, na mara nyingi hata kwa picha za kurasa zenyewe zilizofungwa katika faili moja. Lakini usikimbilie PDF. PDF za pale hubanwa sana ili ziwe nyepesi, na wa kwanza kuumia ni tanbihi za herufi ndogo, alama za juu ya herufi, na mistari myembamba ya ramani. Ukiona herufi ina utata, rudi kwenye orodha ya mafaili ya kitabu hicho utafute lile ambalo jina lake linaishia na `_jp2.zip`. Ni zito, mara nyingi mamia ya megabaiti, lakini picha zake ziko karibu zaidi na skani ya awali. Ukitaka kutafuta maneno tu, chukua linaloishia na `_djvu.txt`. Hayo ni maandishi matupu, yanafunguka hata kwenye simu dhaifu, na unaweza kuyatafuta bila intaneti.

HathiTrust haina ukarimu huo. Unasoma mtandaoni vizuri, ila kwa vitabu vingi vilivyoskaniwa na Google, kupakua juzuu nzima kunahitaji kuingia kwa akaunti ya chuo mwanachama. Asiye mwanachama huchukua ukurasa mmoja mmoja.

Kuna pia suala la mahali ulipo, ambalo huwachanganya watu wengi. HathiTrust hutazama unaunganisha ukiwa nchi gani, ikaamua ikufungulie kitabu au isikufungulie. Sababu ni sheria. Marekani, kitabu cha zamani kilichochapishwa hutoka kwenye hakimiliki baada ya miaka 95 tangu kuchapishwa. Nchi nyingi nyingine huhesabu tangu kifo cha mwandishi, ama miaka 70 ama 50. Chukua kitabu kilichochapishwa mwaka 1920 na mwandishi aliyefariki 1960. Marekani kiko wazi tayari. Katika nchi ya miaka 50 kilifunguka mwanzoni mwa 2011. Katika nchi ya miaka 70 hakitafunguka hadi mwanzoni mwa 2031. Kwa hiyo mwenzako akikutumia kiungo akikuambia "mimi nakisoma", na wewe ukakutana na kufuli, hakuna aliyekosea. Jaribu kukitafuta kitabu hicho hicho Internet Archive, ambako nakala ya kitabu cha zamani iliyowekwa wazi kwa kawaida huonekana bila kujali uko wapi. Jukumu la kujua sheria ya nchi yako kabla ya kukichapisha upya linabaki kuwa lako.

Mpaka hapo HathiTrust inaonekana dhaifu, lakini ina jambo moja ambalo kwa maoni yetu linafidia yote: inakuruhusu kutafuta ndani ya vitabu vilivyofungwa. Hutasoma hata sentensi moja, lakini utaambiwa neno lako liko ukurasa upi na limetokea mara ngapi katika ukurasa huo. Kwa mtafiti hiyo ni dhahabu. Unaweza kutambua kwamba kati ya vitabu arobaini vinavyoonekana kukuhusu, vitatu tu vinamtaja mtu unayemtafuta, kimoja kikimtaja kurasa tano mfululizo. Sasa unakwenda maktaba ukiwa na namba za kurasa mkononi, au unaomba nakala ya kurasa hizo kupitia huduma ya maktaba kuazimana. Mkusanyo wenyewe umepita juzuu milioni 17, na kwa wanaofanya uchambuzi wa kompyuta kuna seti ya data yenye hesabu za maneno ya kila ukurasa, ikiwemo ya vitabu ambavyo huruhusiwi kuvisoma.

Maelezo ya vitabu nayo ni bora zaidi HathiTrust, kwa kuwa yametoka kwenye katalogi za maktaba. Juzuu ya 3 inaitwa juzuu ya 3, na toleo la pili halichanganywi na la kwanza. Internet Archive mara nyingi utakuta matokeo kumi yenye jina lile lile la jarida, bila namba ya juzuu wala mwaka, na dawa pekee ni kufungua kila moja uangalie ukurasa wa jina. Kisanduku chake cha kutafutia, ukikiacha kilivyo, hutafuta kwenye maelezo tu. Ukitaka kutafuta ndani ya vitabu lazima ubadilishe chaguo lake wewe mwenyewe. Wengi hawalioni chaguo hilo kamwe.

Jambo la ramani linastahili aya yake. Vitabu vya safari, ripoti za serikali na vitabu vya jiolojia vya karne ya 19 vina ramani na majedwali yaliyokunjwa, ambayo msomaji huyakunjua. Katika uskanishaji wa Google, uliofanywa kwa kasi kubwa, kurasa hizo mara nyingi zilipigwa picha zikiwa zimekunjwa bado, ukaambulia mgongo wa ramani. Sehemu kubwa sana ya HathiTrust imetoka kwenye skani hizo. Internet Archive ina nakala za Google pia, zilizopakiwa na watu, lakini ina vilevile vitabu ilivyoskani yenyewe kwa mashine yenye kitako cha umbo la V, kioo cha kubana kurasa, kamera mbili, na mtu anayefunua ukurasa kwa mkono. Ukihitaji ramani, tafuta nakala ambayo maelezo yake yanaonyesha kituo cha uskanishaji cha Internet Archive au maktaba iliyoskani yenyewe. Kitabu kimoja huwa na nakala kadhaa. Fungua mbili tatu kabla ya kukata tamaa.

Kuhusu vitabu vyenye hakimiliki, Internet Archive huviazimisha kwa saa moja, na baadhi kwa siku 14, kwa mwenye akaunti ya bure. Eneo hili limepungua. Wachapishaji walishtaki mwaka 2020, mahakama ikawapa ushindi 2023, na rufaa ikathibitisha hivyo Septemba 2024; vitabu zaidi ya 500,000 viliondolewa kwenye kuazimishwa. Mwongozo wa zamani unaokuahidi kwamba kitabu fulani kinaazimwa pale huenda umepitwa na wakati.

Na Google Books? Itumie kunusa. Kile kipande cha mistari michache inachokuonyesha hukuambia kama kitabu kinafaa kufuatwa. Usinukuu kutoka kwenye kipande. Mbaya zaidi ni tarehe za majarida: juzuu nyingi za mfululizo mmoja huandikiwa mwaka ambao jarida lilianza, hivyo habari ya 1956 inaweza kuonekana ya 1921. Usiamini mwaka ambao hujauona umechapishwa kwenye ukurasa wenyewe.

Kwa nini neno lililopo halipatikani

Utafutaji wote huu unasimama juu ya OCR, na OCR hukosea kwa kanuni, si ovyo. Ukizijua kanuni zake unaweza kuzizunguka.

Kiingereza kilichochapishwa kabla ya 1800 hivi kilitumia "s" ndefu, ſ, inayofanana na "f". Kompyuta huisoma hivyo. Neno "best" linakuwa "beft", nalo ni rahisi kulikisia. Lakini "sail" (tanga) linakuwa "fail" (kushindwa), neno halali kabisa, kwa hiyo hakuna kitu kinachokushtua: unakosa meli zako na badala yake unaletewa matanga yaliyogeuka kushindwa. Kwa machapisho ya enzi hiyo tafuta tahajia zote mbili.

Neno lililokatwa mwishoni mwa mstari hugawanyika mara mbili. "Zanzi-" mstari mmoja, "bar" unaofuata, na ukitafuta "Zanzibar" hulipati hapo. Kwa majina marefu tafuta pia nusu ya mwanzo. Magazeti yana tatizo la safu: mashine ikivuka mpaka wa safu husoma mstari wa habari ya kushoto ukaungana na wa kulia, na kirai ulichokiweka ndani ya alama za kunukuu hakitapatikana kamwe. Hapo tumia neno moja moja lisilo la kawaida, pamoja na mwaka. Vitabu vya Kijerumani vya herufi za Fraktur, yaani chapa ya zamani yenye herufi zilizovunjika-vunjika, vikiwa vilisomwa na programu za zamani, hutoa maandishi yasiyosomeka hata kidogo. Kwa hivyo tafuta kwa jina la mwandishi, kisha pitia fahirisi ya kitabu kwa macho.

Maktaba za taifa na wakusanyaji: Gallica, Europeana, DPLA

Gallica ni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, tangu 1997, na ina nyaraka zinazozidi milioni 10: vitabu, magazeti, ramani, picha, miswada, rekodi za sauti. Vitu ni vyake au vya washirika wake, na unapakua bila kulipa kwa matumizi yasiyo ya biashara ukitaja chanzo. Ina uungwana mmoja ambao wengine wangeuiga: ukifungua maandishi ya OCR, mara nyingi juu yake hukuandikia kiwango kinachokadiriwa cha usahihi kwa asilimia. Ukiona asilimia 99, kutafuta kunaaminika. Ikishuka sana, soma picha.

Europeana, iliyofunguliwa Novemba 2008, ni kitu cha aina nyingine. Ni dalali: nyumba anazokuonyesha si zake. Inakusanya maelezo kutoka maktaba, makumbusho na hifadhi za Ulaya nzima, inakuonyesha picha ndogo, na kwa faili lenyewe inakuelekeza kwa mwenye mali. Uzuri wake ni upana, kwamba swali moja linagonga milango mingi kwa mpigo. Udhaifu wake ni ule wa kila dalali. Kiungo hufa pale taasisi inapohamisha tovuti yake, na maelezo huwa katika lugha ya aliyeyaandika. Ukitafuta "ramani ya Afrika Mashariki" kwa Kiingereza peke yake, kuna vitu vya Kijerumani na Kireno ambavyo huenda visikujie. Andika swali katika kila lugha ambayo waraka huo ungeweza kuelezwa, hata kama ni maneno mawili tu uliyoyatoa kwenye kamusi.

DPLA (Digital Public Library of America) ya Marekani, tangu Aprili 2013, inafanya kazi hiyo hiyo kwa taasisi za Marekani. Kanuni yetu kwa zote mbili: zitumie kugundua nani ana kitu, kisha nenda kwa mwenye nacho. Pakua kutoka kwake na umtaje yeye. Kichujio cha haki za matumizi ndicho kinachofaa kuguswa mapema, maana kinaondoa vitu ambavyo utaviona lakini hutaruhusiwa kuvitumia.

Magazeti tuyapitie haraka. Trove, ya Maktaba ya Taifa ya Australia, ina magazeti ya Australia ambayo kwa sehemu kubwa yanafika 1954, na msomaji yeyote anaweza kusahihisha OCR pembeni mwa picha; habari ambayo imeshapitiwa na watu hupatikana kirahisi kuliko jirani yake ambayo haijaguswa. Chronicling America, ya Maktaba ya Bunge la Marekani, haina usahihishaji huo wa wasomaji lakini inatoa data yake kwa wingi kwa anayetaka kuchambua maelfu ya kurasa kwa programu. Msomaji wa habari moja moja atafurahia zaidi Trove.

Miswada ya mkono

Huku OCR ya kawaida haifiki, hivyo ubora wa hifadhi ni ubora wa katalogi yake. Mbili zinazofaa kulinganishwa ni ya HMML na ya Endangered Archives Programme.

HMML (Hill Museum & Manuscript Library) ni maktaba ya miswada iliyo katika Chuo Kikuu cha Saint John's, Minnesota, Marekani, na imekuwa ikinakili miswada tangu 1965, kwanza kwa mikrofilamu na sasa kidijitali. Ndani yake kuna miswada ya Ethiopia, ya makanisa ya Mashariki ya Kati, na ya Timbuktu iliyohamishiwa Bamako katika vita vya 2012 na 2013. Chumba chake cha kusomea mtandaoni ni bure lakini kinadai kujisajili, na picha nyingi unazitazama tu bila kuzipakua. Ukitaka kuzichapisha unaomba ruhusa ya maktaba yenye mswada. Katalogi yake imeandikwa na watu wanaozisoma lugha hizo: mwanzo wa matini, mwisho wake, idadi ya karatasi, aina ya hati.

Endangered Archives Programme, ya British Library (maktaba ya taifa ya Uingereza) tangu 2004 kwa ufadhili wa mfuko wa hisani wa Arcadia, hugharimia miradi midogo ya kupiga picha nyaraka zilizo hatarini pale pale zilipo. Nyaraka za asili hazihami, na nakala hubaki pia katika nchi husika. Ina mchanganyiko ambao huwezi kuupata kwingine: daftari za mahakama, barua za familia, vioo vya picha, magazeti ya muda mfupi, vitabu vya dini. Maelezo hutegemea kila mradi. Mmoja ameeleza kila barua, mwingine ameandika "sanduku la 4, barua mbalimbali" akaishia hapo.

Kwa hiyo anayetafuta matini inayojulikana kwa jina aanze HMML. Anayetafuta maisha ya kawaida ya mahali fulani aanze na Endangered Archives Programme, akijiandaa kufunua picha mia tatu mfululizo.

Kote kuwili, majina ndiyo mtego. Muhammad ameandikwa pia Mohamed, Mahomet, na kwa vistari na nukta za unukuzi wa kitaaluma. Jaribu kuandika sehemu ya jina isiyobadilika. Angalia na kalenda: mwaka 1300 wa Hijria ulianza 1882 ukaisha 1883, na kalenda ya Ethiopia iko nyuma kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi. Katalogi inaposema "1300" pasipo kueleza, soma karatasi ya mwisho ya mswada uone mnakili alitumia kalenda ipi.

Mwenye mkusanyo mkubwa wa mwandiko mmoja anaweza kujaribu Transkribus, programu ya kusoma mwandiko. Inataka kufundishwa: maneno kati ya 5,000 na 15,000 yaliyonakiliwa kwa usahihi ndiyo kiwango kinachopendekezwa kwa kuanzia. Kwa barua ishirini haina faida, zinakili mwenyewe.

Utafiti wa kitaaluma: JSTOR, PubMed Central, arXiv, DOAJ

| Hifadhi | Kilichomo | Kimehakikiwa na wataalamu? | Msomaji asiye na chuo |
|---|---|---|---|
| JSTOR | Majarida ya historia, jamii, lugha na sanaa, tangu toleo la kwanza, vitabu, vyanzo | Makala, kwa kawaida ndiyo | Hadi makala 100 kwa mwezi mtandaoni kwa akaunti ya bure |
| PubMed Central | Makala kamili za tiba na biolojia | Kwa kawaida ndiyo | Bure |
| arXiv | Fizikia, hisabati, kompyuta na jirani zake | Hapana, huchujwa tu | Bure |
| DOAJ | Orodha ya majarida huria (yanayosomwa bure) | Majarida hupimwa | Bure, kupitia viungo |

JSTOR ilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 ili maktaba ziokoe nafasi ya rafu zilizojaa majarida ya zamani, na tabia hiyo bado inayo. Nguvu yake ni matoleo ya nyuma, si ya mwezi huu. Majarida mengi yana ukuta unaosogea, yaani kipindi ambacho matoleo mapya bado hayaonekani, kwa kawaida cha miaka mitatu hadi mitano, na mwaka unaoendelea hauhesabiwi: mwaka 2025, jarida lenye ukuta wa miaka mitano lilionekana hadi matoleo ya 2019. Mtu anayeandika mapitio ya maandiko kwa JSTOR peke yake, basi, ataacha pengo la miaka ya karibuni bila kujua, na mwalimu wake ataliona.

Majarida yaliyochapishwa Marekani kabla ya 1923 na kwingineko kabla ya 1870 yalifunguliwa kwa wote mwaka 2011, bila akaunti. Kwa akaunti ya bure ile ya makala 100 unasoma kwenye skrini tu. Kero kubwa ya JSTOR ni mapitio ya vitabu: andika mada yoyote ya historia na ukurasa wa kwanza utajaa kurasa mbili mbili za watu wakisifia au kuponda vitabu. Chagua makala peke yake kwenye kichujio. Kisha rudi kwenye mapitio hayo baadaye kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka ya kujua kitabu cha mwaka 1974 kilipokelewaje.

PubMed Central, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani tangu 2000, huchanganywa kila siku na PubMed. PubMed ni orodha yenye muhtasari. PubMed Central ina makala kamili. Wanahistoria huisahau, na wanakosea: ndani yake kuna majarida ya tiba yaliyoskaniwa hadi karne ya 19, ikiwemo British Medical Journal tangu 1840 ilipokuwa na jina jingine. Kwa historia ya magonjwa ya mlipuko huko ni kwa kuanzia.

arXiv ilianzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991. Wanaoisimamia huangalia kama andiko ni la fani husika na lina sura ya utafiti, ila hawahakiki hoja zake. Kila andiko lina matoleo, v1, v2 na kuendelea, na yote hubaki. Taja toleo ulilolisoma, kwa sababu jedwali ulilolinukuu kwenye v1 linaweza kuwa limefutwa kwenye v3. Angalia pia chini ya muhtasari kama limekwisha kuchapishwa kwenye jarida. Likiwa limechapishwa, soma la jarida.

DOAJ (Directory of Open Access Journals), tangu 2003, haihifadhi chochote. Kazi yake ni kukuambia jarida huria fulani lina utaratibu wa kueleweka, na hutoa yale yanayoshindwa: mwaka 2016 iliondoa maelfu ya majarida ambayo hayakuomba upya kwa vigezo vipya. Mwandishi anayetaka pa kuchapisha aanzie hapo kuliko kujibu barua pepe zinazomwita "profesa mheshimiwa".

Zenodo ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ni ya upande mwingine, wa kuweka. Faili zako za data, hadi gigabaiti 50 kwa rekodi moja, hupewa namba ya DOI ya kudumu, na nyingine inayoelekea daima toleo jipya. Hakuna anayehakiki, hivyo DOI ya Zenodo si cheti cha ubora. Ina maana moja tu, kwamba kitu hakitapotea kirahisi.

Tahadhari moja kuhusu makala za bure kwa ujumla. Nakala ambayo mwandishi ameiweka kwenye hifadhi ya chuo chake mara nyingi ni mswada uliokubaliwa, kabla jarida halijaupanga. Maneno ni yale yale au karibu, lakini kurasa zinaanza na 1, wakati kwenye jarida zinaanza na 213. Ukinukuu "uk. 7" umempoteza msomaji wako. Na makala iliyofutwa na jarida kwa kasoro hubeba onyo kwenye PubMed, lakini PDF iliyolala kwenye kompyuta yako tangu zamani haina habari.

Kutaja ulichokipata, na kukihifadhi

Anwani iliyo juu ya kivinjari wakati unasoma haifai kunukuliwa, kwa kuwa imebeba maneno uliyotafuta na vikorokoro vya kikao chako. Tafuta kiungo cha kudumu. Gallica hutumia ARK, inayoanza na `ark:/12148/`. HathiTrust hutumia anwani ya `hdl.handle.net/2027/`. JSTOR ina kiungo chenye neno `stable` na namba. Majarida mengi yana DOI.

Hapa ndipo namba za kurasa zinapowaponza wengi. Kwenye kiungo cha Gallica, `f27` ni picha ya 27, si ukurasa wa 27. Jalada na kurasa tupu za mwanzo zimehesabiwa. `seq=27` ya HathiTrust ni hivyo hivyo. Internet Archive huweka `n26` pale inapohesabu picha, na namba tupu pale inapofuata ile iliyochapishwa kwenye kitabu. Kwenye rejeleo andika namba iliyochapishwa kwenye karatasi, na namba ya picha ibaki ndani ya kiungo.

Kwa tovuti zilizokufa, Wayback Machine ya Internet Archive, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, ina tarakimu 14 katikati ya anwani zake: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, kwa saa za UTC (saa ya kimataifa). `20150312084500` ni tarehe 12 Machi 2015, saa mbili na dakika 45 asubuhi kwa saa za UTC. Ukurasa mmoja unaweza kuunganishwa kutokana na vipande vya siku tofauti. Maandishi ya Machi yanaweza kukaa kando ya picha ya Agosti. Ikiwa picha ndiyo ushahidi wako, fungua anwani ya picha yenyewe usome tarakimu zake. Na ukurasa unaoutegemea leo, uhifadhi pale leo hii wewe mwenyewe, kwa kubandika anwani yake kwenye sehemu ya kuhifadhi.

Hifadhi nazo huanguka. British Library ilishambuliwa na wadukuzi Oktoba 2023, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Internet Archive ilishambuliwa Oktoba 2024, ikatoka hewani kwa siku kadhaa na taarifa za akaunti milioni 31 zikavuja. Usitumie huko nywila unayoitumia kwenye barua pepe. Kila waraka unaouegemea na unaoruhusiwa kuupakua, weka nakala sehemu mbili. Mpe jina la faili linaloanza na mwaka wa waraka, kisha mwandishi au jina la waraka, kisha kifupi cha hifadhi na namba ya picha, mfano `1887_ripoti-ya-bandari_gallica_f27.pdf`, na ndani ya folda hiyo weka faili dogo la maandishi lenye kiungo cha kudumu, tarehe uliyopakua na haki za matumizi kama zilivyoandikwa siku hiyo. Haki hizo hubadilika, na mchapishaji atakapokuuliza miaka mitatu baadaye uliruhusiwaje kutumia picha hiyo, jibu litakuwa kwenye faili hilo.